Mbwa au paka wako amekula sumu: fanya hivi tangu dakika ya kwanza

Aliletwa Ijumaa asubuhi, amebebwa kwenye shuka. Mbwa dume mkubwa, wa miaka mitatu. Fizi zilikuwa nyeupe, pumzi fupi, goti moja limevimba kwa damu iliyovujia ndani ya kiungo. Mwenyewe akanieleza: "Daktari, Jumatatu alikula sumu ya panya. Tulimwangalia mchana kutwa. Hakutapika, alikula chakula chake, akacheza na watoto. Tukasema basi, haikumdhuru."

Ilikuwa imemdhuru tangu Jumatatu. Sumu nyingi za panya, zile zenye brodifakumi au bromadioloni, huzuia mwili kuitumia vitamini K kutengeneza protini za kugandisha damu. Zile protini zilizokwisha kutengenezwa hutosha kwa siku kadhaa, ndiyo maana mnyama anaonekana mzima kabisa. Zikiisha, damu inaanza kuvuja kifuani, tumboni, kwenye viungo. Jumatatu mbwa huyu alihitaji kutapishwa na kupewa vidonge vya vitamini K1. Ijumaa alihitaji kuongezewa damu, na tulipokuwa bado tunaitafuta, akafa.

Kwa hiyo, kabla ya hatua yoyote, shika hili: saa inaanza kuhesabika mnyama anapomeza, haingoji aanze kuumwa. Ukimkuta na pakiti ya sumu mdomoni, hiyo tayari ni dharura, hata kama anakutikisia mkia.

Hatua ya 1: Mtenge na sumu, nawe ujilinde

Mwondoe pale alipo au iondoe sumu mbele yake. Wanyama wengine wafungie mahali pengine. Kama unao wawili au watatu na hujui nani amekula, wachukulie wote kuwa wamekula mpaka daktari aseme vingine.

Vaa glovu, au angalau mifuko ya plastiki mikononi. Dawa za kuulia wadudu hupenya ngozi ya mtu kama zinavyopenya ya mbwa, na matapishi yake yana sumu ileile. Kama mnyama ana fahamu zake na ametulia, futa mabaki mdomoni kwa kitambaa kilicholowa. Kama anatetemeka au amekakamaa, usiingize kidole mdomoni kwa sababu yoyote ile. Mbwa mpole kuliko wote anaweza kukung'ata akiwa na maumivu au hofu. Lakini usimfunge mdomo mnyama anayetapika au anayehema kwa shida, atapaliwa.

Kuna sumu moja ya panya inayostahili onyo la peke yake: zinki fosfaidi. Ikikutana na asidi ya tumbo hutoa gesi ya fosfini, ambayo humuua mnyama na huweza kumdhuru kila aliye karibu naye. Matapishi yake hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Mnyama aliyekula hii asipewe chakula, kwa kuwa chakula huongeza asidi, na asidi huongeza gesi. Msafirishe madirisha yote yakiwa wazi, akitapika atapikie nje, na usiiname kuinusa harufu hiyo ili kuhakikisha. Waambie kliniki kabla hujafika, wajiandae kumpokea uwanjani.

Hatua ya 2: Mtazame kwa nusu dakika

Angalia kama anapumua, kama anakutambua, kama anatetemeka. Kisha inua mdomo wa juu uzitazame fizi. Fizi za kawaida zina rangi ya waridi; ukizibonyeza kwa kidole zinageuka nyeupe na kurudia rangi yake ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe zinaashiria kupoteza damu au mshtuko wa mwili. Za bluu, hewa haifiki. Zenye rangi ya kahawia kama matope, hasa kwa paka, hunifanya niwaze parasetamoli mara moja. Fizi zilizozaliwa nyeusi hazitakusaidia. Vuta kope ya chini utazame wekundu wa ndani.

Kama hapumui na moyo umesimama, mlaze ubavu, bonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha theluthi moja hadi nusu ya upana wa kifua. Kila baada ya kubonyeza mara 30, mpulizie puani pumzi 2 huku umemfunga mdomo kwa mkono. Kama kuna dawa ya wadudu usoni au unashuku zinki fosfaidi, acha kupuliza, endelea kubonyeza tu. Atakayebaki na uhai wa kuendesha gari ni wewe.

Kama yuko kwenye kifafa, ondoa vitu vinavyoweza kumjeruhi, zima taa, punguza kelele, na tazama saa. Kifafa kinachopita dakika 5, au kinachorudi kabla hajazinduka, hakisubiri simu ndefu: mwingize kwenye gari na mtu mwingine apige simu mkiwa njiani.

Hatua ya 3: Piga simu kabla hujampa kitu chochote

Watu wengi hufanya kinyume. Humpa maziwa, mafuta, chumvi, yai bichi, kisha ndipo wanapiga simu. Piga kwanza. Mpigie daktari wa mifugo aliye karibu. Baadhi ya nchi zina pia vituo vya simu vya sumu za wanyama vinavyofanya kazi usiku na mchana, navyo vina wataalamu wanaozijua dozi kwa kichwa. Daktari atakuuliza mambo matano: ni mnyama gani na ana uzito gani, amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na yukoje sasa.

Uzito una maana kuliko unavyodhani, kwa sababu kila hesabu ya sumu hupigwa kwa kilo. Chukua mfano wa chokoleti. Kinachomdhuru mbwa ni teobromini, ambayo mwili wake huchelewa sana kuitoa. Karibu miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito hutapisha na kumfanya asitulie. Kati ya 40 na 50 moyo huanza kwenda vibaya. Ikifika 60 anaweza kupata kifafa. Chokoleti ya maziwa ina takribani miligramu 2 kwa kila gramu. Ile chungu ya kuokea, isiyo na sukari, ina takribani 15. Mbwa wa kilo 8 akila gramu 100 za chokoleti ya maziwa amepata miligramu 25 kwa kilo, na pengine atahangaika usiku mmoja tu. Akila gramu 100 za ile ya kuokea amepata zaidi ya 180, naye huyo anaweza kufa. Ukiniambia tu "amekula chokoleti", sijui nimtibu yupi kati ya hao wawili.

Kiasi kipige kwa kutoa: pakiti ilikuwa na vipande vingapi, vimebaki vingapi, vilivyomwagika sakafuni ni vingapi. Kama huna uhakika, chukulia kiasi kikubwa kinachowezekana. Saa nayo ipige kwa ukali: kama ulimwacha mzima saa 2 asubuhi ukamkuta amekula saa 6 mchana, sema alikula saa 2.

Halafu sema ukweli wote. Nimewahi kupoteza zaidi ya saa nzima kwa paka aliyeyumba kama mlevi kwa sababu kijana wa nyumbani aliogopa kusema alivuta nini chumbani. Daktari wa wanyama hana haja na siri yako. Kama ni dawa yako ya presha, ya usingizi, bangi au pombe, itaje. Ukificha, mnyama atachomwa sindano za kutibu ugonjwa asiokuwa nao.

Chukua pakiti, chupa au kopo lenyewe. Chukua jani la mmea. Matapishi yaweke kwenye mfuko safi uliofungwa. Kwenye kibandiko kinachohitajika ni jina la kiambato, siyo jina la biashara: sumu tatu za panya zinaweza kufanana rangi na umbo huku moja ikizuia damu kuganda, nyingine ikivimbisha ubongo na ya tatu ikipandisha kalsiamu mpaka figo zinakufa. Matibabu yake hayafanani hata kidogo.

Hatua ya 4: Kutapisha, na kwa nini mara nyingi jibu ni hapana

Hapa ndipo mikono yenye upendo inapoua. Nitaeleza kwa kirefu.

Kutapisha kunasaidia pale tu sumu ingali tumboni, kwa kawaida ndani ya saa 1 hadi 2 tangu kumeza, na mnyama ana fahamu kamili. Hata kunapofanywa na daktari, mara nyingi kinachotoka ni takribani nusu ya kilichomo. Kwa hiyo mbwa aliyetapika bado anahitaji kuonwa.

Usimtapishe kamwe aliyelegea, anayetetemeka, aliye kwenye kifafa au anayehema kwa shida, kwa sababu matapishi yataingia mapafuni. Usimtapishe aliyemeza kitu kinachounguza, kama dawa kali za kusafishia choo au kuzibulia mabomba, au betri: kilichounguza koo kikishuka kitaliunguza tena kikipanda. Usimtapishe aliyekunywa mafuta ya taa, petroli au kemikali ya kuchanganyia rangi, maana vimiminika hivi huteleza kirahisi kuingia kwenye mapafu. Mbwa wenye pua bapa nao wako kwenye hatari kubwa ya kupaliwa.

Chumvi achana nayo kabisa. Kijiko kimoja kikubwa kina takribani gramu 17. Mbwa wa kilo 5 akimeza kijiko hicho amepata zaidi ya gramu 3 kwa kila kilo. Gramu 2 zinatosha kuanzisha dalili za sumu ya chumvi na 4 zinaweza kuua. Chumvi yenyewe inaweza kumletea kifafa mnyama ambaye kile alichokula mwanzo kisingemfanya lolote. Vidole kooni havimtapishi mbwa wala paka, vinamjeruhi yeye na wewe. Maziwa na mafuta havivunji sumu. Mafuta huweza hata kusaidia baadhi ya sumu zipenye haraka zaidi, na mnyama aliyenyweshwa kwa nguvu huyavuta mapafuni. Mkaa wa jikoni uliosagwa haufanyi kazi ya mkaa wa hospitali, ule unga mweusi uliotengenezwa mahususi kuinasa sumu tumboni.

Njia moja ya nyumbani ambayo madaktari huiruhusu wakati mwingine ni hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3. Ni kwa mbwa tu, ni pale kliniki iko mbali, na ni baada ya daktari kusema ndiyo kwenye simu na kukutajia kipimo. Kipimo hicho huwa mililita 1 hadi 2 kwa kilo, bila kuzidi mililita 45 hata kwa mbwa mkubwa. Asilimia ikizidi 3 inaunguza. Paka asipewe kabisa: humchubua tumbo kwa ndani mpaka anatapika damu, na hakuna njia salama ya kumtapisha paka nyumbani.

Kwa hiyo, kama huna daktari sikioni, usimtapishe.

Hatua ya 5: Sumu iliyo kwenye manyoya, machoni au kinywani

Mnyama hujilamba. Kilicho kwenye manyoya leo jioni kitakuwa tumboni kabla ya asubuhi, hivyo kumwosha ni sehemu ya tiba. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, suuza vizuri, rudia, kisha mkaushe na kumfunika. Maji baridi yatamshusha joto, naye hana nguvu ya kulirudisha. Kama ni lami au rangi ya mafuta iliyogandamana, ilainishe kwanza kwa mafuta ya kupikia ndipo uoshe kwa sabuni. Usitumie petroli wala kiondoa rangi.

Kosa linalonijia mara kwa mara ni dawa ya viroboto ya mbwa kuwekwa kwa paka. Matone mengi ya mbwa yana permethrini kwa wingi, ambayo ini la paka haliwezi kuivunja vizuri. Baada ya saa chache, wakati mwingine siku nzima, masikio yanaanza kuchezacheza, ngozi inaruka, kisha mwili wote unatetemeka na kifafa kinafuata. Mwoshe mara moja kama bado ametulia, kisha mlete hata kama anaonekana mzima. Kama ameshaanza kutetemeka, mlete kwanza; tutamwosha sisi baada ya kumtuliza. Wakiletwa mapema, wengi hupona ndani ya siku mbili tatu. Paka anayelala na mbwa aliyepakwa dawa hiyo leo anaweza kudhurika vilevile, kwa hiyo watenganishe mpaka ikauke.

Jicho lililomwagikiwa kemikali lisafishwe kwa maji safi yanayotiririka polepole kwa dakika 15 hadi 20. Mbwa aliyemng'ata chura mwenye sumu na anatoa mapovu asafishwe kinywa kwa maji huku kichwa kimeinamishwa chini, maji yatokee mbele, yasiende kooni. Futa fizi na ulimi kwa kitambaa mara kadhaa.

Hatua ya 6: Njiani

Mlaze ubavu, shingo imenyooka, kichwa chini kidogo kuliko mwili ili mate na matapishi yatoke yenyewe. Paka awe kwenye kikapu au boksi lililofunikwa. Kaa kimya, zima redio: kuna sumu kama striknini ambazo kelele au mguso tu huzusha mkakamao mpya. Aliyetetemeka muda mrefu mwili huchemka. Fungua madirisha, mlowanishe kwa maji ya kawaida, siyo barafu. Asiyetetemeka mfunike apate joto. Usimpe chakula wala maji.

Kila sumu na saa yake

Narudi kwenye saa, kwa sababu ndiyo inayowadanganya watu. Sumu hazifanani katika kujionyesha, na zile zinazochelewa ndizo zinazowapa watu amani ya uongo.

Zenye haraka ni dawa za kuulia wadudu za jamii ya organofosfati na kabamati, ambazo pia hutumika na watu wabaya kwenye nyama ya mtego. Ndani ya dakika chache hadi saa kadhaa mate yanamwagika, machozi yanatoka, mkojo na kuhara vinamponyoka, mboni zinasinyaa, misuli inarukaruka. Atropini huokoa, lakini lazima ichomwe mapema na mara nyingi kwa dozi kubwa na za kurudia.

Zailitoli, sukari mbadala inayowekwa kwenye bazoka, peremende, dawa za meno na baadhi ya siagi za karanga, hushusha sukari ya mbwa ndani ya nusu saa hivi, ingawa mara nyingine huchelewa hadi saa 12. Kwenye kibandiko itafute kwa jina xylitol au alama E967. Gramu 0.1 kwa kila kilo ya mbwa inatosha kumwangusha. Ikipita gramu 0.5 ini liko hatarini. Mkaa wa hospitali hauinasi. Kama mbwa amelegea lakini anameza, daktari anaweza kukuambia umpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi mkiwa njiani.

Parasetamoli kwa paka huonekana ndani ya saa 1 hadi 4: fizi kahawia, uso na miguu kuvimba, kuhema. Mwili wa paka hauna njia ya kutosha ya kuivunja, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Wengi huwapa wenyewe, kwa huruma, wakiona paka anachechemea. Tafadhali usimpe mnyama dawa yoyote ya binadamu ya maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki nazo hutoboa tumbo na kuziharibu figo, za mbwa na za paka.

Halafu kuna zile zenye hila. Maua ya lili, jamii za Lilium na Hemerocallis, ni mauti kwa paka: jani, petali, vumbi la ua alilolilamba kutoka kwenye manyoya, hata maji ya chombo cha maua. Atatapika saa za mwanzo, kisha atatulia, na mwenye nyumba atashukuru. Siku ya pili au ya tatu figo zimekufa. Akianza dripu ndani ya saa 18 ana nafasi nzuri. Baada ya hapo nafasi hiyo inapungua haraka.

Maji ya rejeta ya gari yenye ethilini glaikoli hufuata njia hiyohiyo. Ni matamu, mnyama huyalamba. Anayumba kama aliyelewa, anaonekana kupata nafuu, kisha figo zinasimama. Kiuasumu kipo, lakini kwa mbwa kinapaswa kuanza ndani ya saa 8 hadi 12, na kwa paka ndani ya saa 3. Saa 3 kwa paka anayezurura nje ni muda mfupi mno. Ukiona dimbwi chini ya gari na paka anayumba, usiulize zaidi, mbebe.

Zabibu, mbichi au kavu, huua figo za baadhi ya mbwa katika siku 1 hadi 3. Asidi ya tatariki ndiyo inayoshukiwa, na kwa kuwa kiasi chake hutofautiana, mbwa mmoja hula kishada asidhurike na mwingine anadhurika kwa chache tu. Mimi humpokea kila aliyekula. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu, na udhaifu huonekana siku ya 3 hadi ya 5. Na sumu ya panya ya kuzuia damu kuganda, kama nilivyoeleza, siku ya 3 hadi ya 5 pia. Paka aliyemla panya mwenye sumu hiyo hatari yake ni ndogo kuliko aliyeila sumu yenyewe, lakini ipo.

Kliniki watafanya nini

Watu huja wakiomba "sindano ya sumu". Sindano moja ya sumu zote haipo. Sumu nyingi hazina kiuasumu kabisa. Mnyama huokolewa kwa kuitoa iliyobaki tumboni na kuutunza mwili mpaka umalize kazi wenyewe. Mbwa atachomwa apomofini atapike. Paka hupewa dawa nyingine ya sindano. Kisha hufuata mkaa wa hospitali, gramu 1 hadi 2 kwa kilo, kama sumu yenyewe ni ya kunaswa na mkaa. Vyuma, pombe na vitu vinavyounguza havinaswi. Dripu hulinda figo na shinikizo la damu. Dawa za kutuliza huzuia kifafa. Kwa sumu zenye dawa yake mahususi, hupewa hiyo: vitamini K1 kwa sumu ya panya ya kuzuia damu kuganda, asetilisisteini kwa parasetamoli, atropini kwa organofosfati. Kwa permethrini na sumu nyingine zinazoyeyuka kwenye mafuta, kliniki nyingine hutumia dripu ya mafuta, ambayo huivuta sumu kutoka kwenye neva.

Kama fedha ni chache, sema mwanzoni kabisa, bila aibu. Daktari akijua mapema atachagua kile chenye uzito zaidi kwanza. Mnyama aliyekula dakika 40 zilizopita anaweza kuokolewa kwa kutapishwa na dawa ya vidonge tu. Akichelewa siku tatu atahitaji damu, oksijeni na kulazwa.

Kama daktari yuko mbali

Simu bado ni tiba. Daktari anaweza kumwelekeza ofisa mifugo, muuguzi au mfamasia aliye karibu nawe. Mwombe akuandikie kwa ujumbe jina la dawa na kipimo, usikariri. Na kama ni sumu ya panya ya kuzuia damu kuganda, hakikisha kilichoandikwa ni vitamini K1. Vitamini K3 inauzwa pia na haifanyi kazi hiyo.

Unaposhuku ametegwa

Nyama iliyotupwa ndani ya ua, mbwa wawili kuanguka pamoja, chembechembe za rangi kwenye matapishi: piga picha vitu vilipo, kusanya sampuli kwa glovu, mwombe daktari aandike alichokiona, na utoe taarifa polisi. Kama mnyama amekufa na unataka uchunguzi, mwili wake uwekwe kwenye ubaridi, usigandishwe, ufikishwe kwa daktari mapema. Kagua ua wote kabla hujawafungulia watoto na wanyama waliobaki.

Akirudi nyumbani

Kinyesi kitakuwa cheusi siku moja mbili kwa sababu ya mkaa, hicho kisikutishe. Kisicho cha kawaida ni kukosa mkojo kwa nusu siku, kutapika upya, fizi kufifia, macho au fizi kuwa za njano, au kupepesuka. Mrudishe siku hiyohiyo.

Vitamini K1 hupewa pamoja na chakula chenye mafuta, kwa kuwa ndivyo inavyopenya vizuri, na kwa sumu za kisasa huendelea kwa wiki 4 hivi. Hapa ndipo wengi hukatisha wiki ya pili wakiona mbwa anaruka. Sumu hizo hukaa kwenye ini kwa muda mrefu, na ukikatisha, kutoka damu kunaanza upya. Baada ya kidonge cha mwisho, arudi baada ya saa 48 hadi 72 apimwe kama damu inaganda. Kipimo hicho ndicho kitakachokuambia kwamba yamekwisha.

Wakati amelazwa, itafute sumu ilikotoka. Sogeza makabati, angalia nyuma ya jokofu, ghalani, chini ya gari, mfukoni mwa koti lenye peremende. Mbwa aliyepata kitu kitamu mahali fulani hukumbuka, naye akifunguliwa mlango ataanzia palepale.